Mstari wa Lowarengak

Mkabala na kituo cha sauti mjini Kakuma, ambako watu hurekodi na kusikiliza ujumbe wa jamaa walio mbali, hatua kumi na tano kutoka mlangoni, pana mti wa mathenge ambao mbuzi wameutafuna upande mmoja mpaka umeinama kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Chini yake kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mitungi miwili iliyojaa mchanga, na hilo ndilo benchi. Wanaolikalia kila alasiri ni wale wale. Kuna Omollo, fundi wa simu na redio, ambaye watu humwita Risasi kwa sababu ya ile risasi anayoiyeyusha kuungia nyaya. Kuna mzee Lopeyok, aliyekuwa karani wa chifu kwa miaka ishirini na mitatu. Yeye amestaafu lakini kalamu yake haijastaafu mfukoni, naye huitwa Katibu. Na kuna Makena, mama wa Kimeru auzaye mboga zinazoletwa na lori kutoka Kitale, ambaye watu humwita Mama Kabeji mbele yake na nyuma yake. Anayewamiminia kahawa ya tangawizi ni Namuria, mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, mwenye aibu kiasi kwamba hata bei ya kikombe huitaja akiwa ameangalia birika. Mgongoni, ndani ya kanga iliyofifia rangi, hubeba mtoto wa kike wa miezi miwili ambaye bado hana jina.

Siku hiyo benchi lilikuwa na mtu wa nne. Hardy, fundi kijana wa kituo, Mkongo aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi, ambaye hadi leo husema njo badala ya ndiyo, alitoka kule ndani akaketi ukingoni mwa ubao kama mtu aliyeomba ruhusa ya kukaa. Kwa wiki sita alikuwa akimpita Namuria mbio mbio na kumwambia, "Bado ninajaribu, mama." Siku hiyo hakusema bado.

– Mama Namuria, alisema, wale wakubwa wa kituo kule Nairobi wamejibu. Hawana njia. Ile ujumbe ya papa Emuria haiwezi kurudi tena.

Namuria aliendelea kumimina. Kahawa ilijaa kikombe, ikafika ukingoni, ikamwagikia mchanga, ndipo akakumbuka kuinua birika.

Emuria alikuwa mumewe. Kazi yake ilikuwa kupakia samaki wakavu kwenye lori la Lowarengak, kule juu ziwani. Alipopata habari kwamba mkewe amejifungua salama, alikwenda kwenye kituo cha sauti cha Lowarengak, akamwomba hata mhudumu atoke nje, akasema maneno yake kwenye kinasa sauti peke yake. Dereva wa lori alimwona akitoka huku anacheka. "Nimemaliza kazi ya baba," alimwambia, "nimempa jina." Siku mbili baadaye lori lilikwama kwenye laga, ule mto wa msimu, iliyofurika, Emuria akashuka kuweka mawe chini ya magurudumu, na maji yakamchukua.

Kwao Emuria baba ndiye anayetoa jina, na sikio la kwanza kulisikia ni la mama wa mtoto. Kabla ya hapo halitamkwi kwa mtu yeyote, hata kwa bibi. Basi lile jina lilikuwa mahali pawili tu duniani: kifuani mwa Emuria, na ndani ya mtambo.

– Haiwezi kurudi, haiwezi kurudi! Risasi alifoka. Hao wa Nairobi wamekaa chini ya feni, wanajua nini? Kijana, elezea sisi tena. Pole pole. Hiyo siku ilifanyika nini?

– Papa Omollo, nimeeleza mara ngapi?

– Elezea. Daktari hachoki kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

– Sasa hapa mgonjwa ni nani na daktari ni nani? Makena aliuliza.

– Mama Kabeji, acha kijana aongee.

Hardy alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa na vidole vyembamba, na kucha zake alikuwa amezitafuna.

– Diski ya mtambo ilikufa mwezi wa pili, alisema. Joto na vumbi. Fundi wa mbele yangu, Puok, hakutaka kituo kifunge. Akaweka ujumbe yote kwa kumbukumbu ya mtambo, ile inaishi tu wakati umeme iko. Umeme ikikatika kidogo tu, yote inakwenda. Njo maana Puok hakuzima ule mtambo. Miezi tisa.

– Tisa! Makena alisema. Hata mimba iko na mwisho.

– Sasa kila mtambo iko na kiini. Kiini ni msimamizi wa ndani. Yeye njo anajua nani amekaa wapi. Nairobi walituma kiini mpya, wakasema weka. Utaweka namna gani bila kuzima? Iko njia. Ya zamani inapisha mpya hapo hapo, haraka sana, umeme haikatiki. Lakini mpya inaingia kama kipofu. Inaona kumbukumbu yote ni uwanja mtupu, inaweza kujenga popote. Kwa hiyo ya zamani inaacha orodha: hapa usiguse, na hapa usiguse. Na ile mpya, mpaka imalize kusoma orodha, inabaki kwa kipande kidogo imetengewa. Haitoki hapo.

– Kama bibi arusi, Makena alisema. Anakaa kwa jiko la mama mkwe kwanza, mpaka aonyeshwe chungu ya nani ni gani.

– Njo vile, mama.

– Na orodha iliandikwa na nani? Katibu aliuliza, ingawa alijua.

– Mimi.

Risasi alikitua kikombe chake ubaoni.

– Kwa mtambo yetu orodha inaandikwa kwa mkono, kila mara, mstari moja kwa kila kituo ujumbe inatoka, Hardy aliendelea. Puok alipata safari ya ng'ambo. Walimpa siku nne tu za kufunga maisha yake. Akaniachia karatasi: andika mstari wa Kakuma, andika mstari wa Lodwar. Lakini kituo cha Lowarengak kilifunguliwa mwezi mmoja tu kabla aende. Ule mstari alikuwa nao kwa kichwa. Kwa karatasi hakuuweka. Mimi nikafuata karatasi. Mistari mbili. Kiini mpya ikasoma mistari mbili, ikalinda Kakuma, ikalinda Lodwar, na kwingine kote ikafagia. Ujumbe kumi na saba.

Namuria alikuwa amezisikia habari hizo mara nyingi, na kila mara aliona kitu kimoja: mwanamke mgeni, mwenye adabu zake, ameshika ufagio alfajiri, anafagia ua asioujua, na hana ubaya na mtu.

– Mimi nakataa, Risasi alisema. Kumbukumbu haisahau mara moja. Ni kama sufuria. Ukiitoa kwa moto, si inabaki na joto? Hiyo kipande ya kumbukumbu ungeichomoa saa hiyo hiyo, uitie kwa barafu ya samaki, ingeshika maneno. Nimewahi kusikia fundi wa Kitale akisema.

– Iko kweli, papa. Baridi inachelewesha kusahau. Lakini ni dakika. Sasa ni wiki sita, na mpya imeshaandika juu yake.

– Juu ya yote? Haikuacha hata pembe moja?

Namuria alilitua birika. Pembe moja. Hata silabi ya kwanza tu ingemtosha. Angeishika hiyo na kupitia nayo ukoo mzima wa Emuria, jina kwa jina, mpaka nyingine zijitokeze.

– Nilitafuta kila pembe, Hardy alisema. Usiku na mchana. Nilipata kipande kimoja. Sekunde moja, haifiki mbili.

– Eeh! Na inasema nini?



– Ni mbuzi, papa.

Risasi alicheka kabla hajajizuia, kisha akafunika mdomo kwa kofia yake. Namuria aliinama akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Mbuzi wa nani huyo, aliyepita nje ya dirisha la Lowarengak wakati mtu anaongea, na sauti yake ndiyo ikahifadhiwa?

– Shida yenu ninyi vijana ni taratibu, Katibu alisema, akachomoa kalamu. Kwa serikali, ofisa akihamishwa hawezi kuondoka hivi hivi. Anakabidhi. Anasaini, mwenzake anasaini, chifu anapiga muhuri. Sasa hiyo kiini ya zamani, ilisaini wapi?

– Haisaini, papa.

– Basi iitwe! Irudishwe kazini siku moja, ikae hapa kwa benchi, tuihoji. "Lowarengak uliiweka wapi?" Itasema.

– Haiko tena. Mpya imekaa mahali pake.

– Basi hiyo mpya ijiuzulu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Apone nini, Katibu, na mwenyeji amefagiliwa? Makena alimkata. Hebu nyamaza na methali zako, unazivaa kama koti la mtu mwingine. Kwanza sikia hii. Huo ujumbe haukuruka kutoka ziwani mpaka hapa kama nzige. Ulipitia Lodwar. Lodwar si walibaki na nakala?

– Lodwar inapitisha tu, mama. Kakuma ikisema nimepokea, Lodwar inafuta. Na Lowarengak vile vile.

– Kakuma ilisema imepokea?

– Ilisema. Na ilikuwa kweli. Ijumaa asubuhi ilikuwa imepokea.

Aliposikia Ijumaa, Namuria alikaza fundo la kanga kifuani, ingawa lilikuwa limekazwa.

– Mimi siamini kwamba sauti ya mtu inafutika, Makena alisema, akiwa sasa amepata moto. Sauti inazurura. Kuna mama kule Eliye Springs, anapika kwa wageni. Alikuwa anawasha spika ya muziki, muziki ukakataa, akasikia mwanamume anasalimia. Ejoka, ejoka. Mara mbili. Kisha kimya. Ilikuwa wiki ile ile!

– Kila mwanamume Turkana nzima anasema ejoka, Risasi alisema. Hiyo si sauti ya Emuria, hiyo ni sauti ya wilaya.

– Na wewe na barafu yako?

– Mimi nimefikiria ingine. Sikieni. Kituo si kina lile sahani la juu ya paa? Linaongea na satelaiti. Kila kitu kinapita juu kwanza. Sasa kule juu hakuna vumbi, hakuna joto, hakuna mtu wa kufagia. Sauti inapiga hapa, inapiga pale, inarudi. Labda inachukua miaka saba kuzunguka. Mtoto atakuwa darasa la kwanza, jina linashuka.

– Na atakuwa ameandikishwa shule kwa jina gani? Makena aliuliza.



– Ninyi mnatafuta mbali, Katibu alisema, sasa akiwa ameinama mbele na macho yanang'aa. Mtambo ulibeba hayo maneno miezi tisa. Si umesema tisa? Miezi tisa bila kulala. Halafu ghafla akatoka huyo kiini mpya. Huko si kufagia. Huko ni kuzaa! Maneno yote yako ndani yake, lakini ni mchanga, hajui kuongea. Alelewe. Apakwe mafuta, achinjiwe mbuzi, asemeshwe kila asubuhi. Akikua atasema.

– Mbuzi ameshasema, Risasi alinong'ona.

– Cheka. Usitukane mamba kabla hujavuka mto.

Neno mto lilianguka katikati yao kama jiwe. Makena alimpiga Katibu teke la mguu. Mzee alitazama chini, akairudisha kalamu mfukoni, ikakosa mfuko mara mbili.

– Samehe, mwanangu, alisema.

– Hakuna neno, mzee, Namuria alijibu birika.

Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia kilio chembamba. Namuria alimfungua, akaketi juu ya mtungi wa maji, akamgeukia mti kumnyonyesha. Makena alimfuata, akasimama akimkinga kwa mwili wake mpana.

– Namuria, alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa sauti ya watu wa kawaida. Mimi nimezaa wanne, nimezika mmoja. Mpe huyu mtoto jina. Kliniki wameandika nini kwa kadi?

– Mtoto wa Namuria.

– Na siku ya chanjo wanaita hivyo, wanawake watatu wanasimama. Mpe. Hata la mama yako. Emuria hatakasirika.

– Najua hatakasirika.

– Basi?

Namuria alitafuta maneno. Hakuwa mtu wa kueleza. Alisoma mpaka darasa la nane, na kule darasani hata majibu aliyoyajua aliyaacha yakasemwa na wengine.

– Nikimpa lingine, alisema, litakaa pale pale pa lile la baba yake. Halafu hata likija, litakuta pamejaa.

Makena alimfuta mtoto povu la maziwa shavuni kwa ncha ya leso yake.

– Na mama yake? Katibu aliuliza kutoka benchini, kwa upole, kama anayerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mama wa Emuria, yule Akeno. Nyumba yao ina hiyo desturi, sawa. Lakini mwanamume akipata mtoto wa kwanza, atamficha mama yake kweli?

– Hapo sasa! Risasi aliruka. Hiyo ndiyo akili! Tumekaa hapa tunahoji mashine, na mtu yuko. Mama yake anajua, nakuambia. Mama hajui? Mimi nilimwambia mama yangu hata namba ya siri ya simu.

– Nimemtumia habari na dereva kwamba aje, Namuria alisema. Mambo ya jina sikumwambia dereva. Amesema anakuja wiki hii, laga zikipungua.

– Basi imekwisha! Risasi akageuka akampiga Hardy begani. Kijana, kunywa kahawa yako. Mama anakuja na jina mdomoni. Mtambo wenu mkaoshee vyombo.

Hardy hakunywa.

– Hata akija na jina, alisema, ni mimi nilifuta sauti. Watu kumi na saba. Kuna mzee wa Todonyang alitumia watoto wake maneno kutoka kitandani. Nilikuwa na karatasi kwa mkono, nikaona mistari mbili, nikasema sawa. Sikuuliza mtu. Kila mtu hapa anajua Lowarengak ilifunguliwa. Hata mbuzi wanajua. Mimi tu nilifuata karatasi. Nimeandika barua, mwisho wa mwezi ninaacha kazi.

– Na ni haki, Risasi alisema, si kwa ukali, lakini alisema. Haraka yenu ninyi. Mtu anaweza ngoja Jumatatu, watu wachukue ujumbe zao kwanza. Ungengoja siku mbili tu, bana. Siku mbili!

Hardy aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayenyolewa. Namuria aliitazama ile shingo. Wiki sita alikuwa ameitazama ikipita, ikienda kazini mapema, ikirudi kwa kuchelewa, na kila siku alikuwa na neno ambalo lingeipunguzia mzigo, na kila siku alilimeza pamoja na mate.

– Nilikuja Ijumaa, alisema.

Alisema polepole mno, na ni Makena peke yake aliyesikia.

– Umesema nini?

– Nilikuja Ijumaa. Ujumbe ulikuwapo. Wewe Hardy ulimwambia mtoto wa jirani aniite, akaniita. Nikaja.

Hardy aliinua uso.

– Sikukuona, mama.

– Hukuniona. Nilifika hapa kwa mti. Kulikuwa na foleni ya wanaume, wale wa malori, kumi hivi, wanacheka. Na kile kisikilizio cha sikioni kilikuwa kimeharibika, mlikuwa mnacheza ujumbe kwa spika, kila mtu anasikia. Nikasimama. Nikaona nikiingia, jina litasikika kwa wanaume kumi pamoja na mimi. Nikajiambia, desturi inasema sikio la kwanza ni langu. Nitarudi Jumatatu asubuhi, pakiwa patupu.

– Ni kweli, Katibu alisema. Desturi ni hivyo. Ulifanya vizuri.

– Hapana, mzee.

Walikuwa hawajawahi kumsikia Namuria akimwambia mtu hapana.

– Haikuwa desturi. Ningeweza kuwaomba wasogee. Wangesogea, si watu wabaya. Ningeweza kumwambia Hardy apunguze spika, niweke sikio. Ilikuwa aibu tu. Nguo yangu ilikuwa na maziwa hapa mbele. Niliona watanitazama. Nikarudi nyumbani. Hatua kumi na tano, nikarudi. Jumamosi Hardy akabadilisha kiini chake. Jumapili wakaleta habari za Emuria. Kwa hiyo usiseme ni wewe peke yako. Usiache kazi kwa sababu yangu.

Upepo ulipita ukayumbisha mathenge, na maganda makavu yakaanguka juu ya ubao. Risasi alivua kofia akaanza kuyaondoa, moja moja, akiyahesabu au bila kuyahesabu.

– Ulikuwa na siku tisa tangu uzae, Makena alisema hatimaye. Siku tisa! Mimi baada ya siku tisa sikuwa naweza hata kusimama mbele ya kuku.

– Mama Namuria, Hardy alisema.  Akainuka, akachukua birika mwenyewe, akamimina kahawa katika kikombe ambacho hakuna mtu aliyekuwa anakitumia, akampa. Kwa mwaka mzima wa kijiwe kile, ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kummiminia Namuria.

Namuria alikuwa bado hajaionja kahawa hiyo, lori la samaki liliposimama barabarani. Utingo alishuka, akazunguka nyuma, akamsaidia mama mmoja mzee kuteremka. Alikuwa mwembamba na mrefu, shanga zimemjaa shingoni mpaka kidevuni, na kichwani alikuwa na furushi la samaki wakavu lililofungwa kwa kamba ya mkindu. Aliuliza kitu kwa utingo. Utingo akaonyesha mti.

– Ni yeye, Katibu alisema, akasimama. Ni Akeno.

Wote walisimama. Risasi alipangusa ubao kwa kofia. Makena alimnyoosha Namuria kanga begani, akamnong'oneza:

– Umeona? Mungu si Athumani. Jina hilo limefika kwa miguu yake.

Mama mzee alikuja hadi kivulini, akatua furushi lake.

– Ejoka?

– Ejok-nooi, waliitikia, hata Hardy, hata Makena.

Alimtazama Namuria kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili, akauweka uso wake juu ya utosi wa mkwewe, wakakaa hivyo, na hakuna aliyelia kwa sauti. Alipomwachia alinyoosha mikono. Namuria akampa mtoto. Bibi aliketi benchini, Namuria kando yake, akamfunua mtoto miguu, akaushika unyayo mmoja kati ya vidole vyake, akacheka huku macho yamejaa maji. Akaanza kuongea Kiturkana, akimwambia mtoto na wakubwa kwa pamoja, na Katibu akawa anawatafsiria wale watatu kwa sauti ya chini.

– Anasema huu ndio mguu wa Emuria. Kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza.

– Si nilisema? Risasi alinong'ona.

– Anasema siku ile Emuria alirudi kutoka kituoni akakaa kwake akala. Akamwambia, mama, nimempa mtoto jina, na ni jina zuri, litakufurahisha.

Risasi alimshika Hardy mkono.

– Anasema... alimwambia, basi nitajie. Akakataa. Akacheka. Alimbembeleza mpaka usiku, akakataa. Alisema, mama, unajua utaratibu wetu, utalisikia kutoka kwa Namuria. Liko Kakuma tayari. Limefika kabla yangu.

Sauti ya Katibu ilikuwa imeshuka hata wakalazimika kusogea.

– Anasema siku zote hizi... hajamwombea mtoto, kwa sababu huwezi kumwombea mtu usiyemjua jina. Amekuja ili...

 Akeno alikuwa bado anaongea, maneno machache, mepesi, ambayo mwishoni yalipanda juu.

– Ameuliza nini, papa? Hardy alisema.

Katibu hakutafsiri. Makena alikuwa ameshageuza uso barabarani.

Akeno alingoja. Alidhani ni kwa sababu ya wanaume waliosimama pale kwamba mkwewe hasemi, na moyoni akamsifu kwa kuishika desturi. Basi akamkumbatia mtoto vizuri, akasogea karibu kwenye ubao, akauinamisha uso wake na kulipeleka sikio mpaka karibu na midomo ya Namuria, ili aweze kumtajia jina polepole.